Mkoba wa Mtafiti na Mkoba wa Mwanahabari

Msomi wa Kiswahili akikifungua kitabu Language in Kenya, kilichohaririwa na W. H. Whiteley na kuchapishwa mwaka wa 1974, hukuta takwimu tunazozinukuu hadi leo katika tasnifu zetu. Ni wachache wanaotua na kuuliza nani aliugharamia uchunguzi ule. Jawabu halikufichwa: ni Wakfu wa Ford wa Marekani, uliofadhili uchunguzi wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo. Simnyoshei Whiteley kidole. Nasema tu kwamba, kwa kuwa mfadhili anajulikana, naweza kuuliza kwa nini maswali fulani yaliulizwa na mengine yakaachwa. Katika fasihi hatuoni haya kuuliza hivyo. Anayezisoma tungo za Muyaka pasi na kujua uhusiano wake na Wamazrui wa Mombasa huambulia nusu ya maana.

Sayansi nayo ina watawala na malenga wake, ila aghalabu watawala hao hawaonekani. Mwaka wa 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet makala kuhusu watoto 12, wakidokeza uhusiano kati ya usonji na chanjo ya ukambi, matumbwitumbwi na rubela. Wazazi wengi Uingereza waliingiwa na hofu. Ilikuwa Februari 2004 ndipo mwanahabari Brian Deer alipofichua katika The Sunday Times kwamba pauni 55,000 zilikuwa zimetolewa kupitia kwa wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo. Makala yenyewe hayakumtaja wakili huyo. Baadaye ikabainika kuwa Wakefield binafsi alikuwa amelipwa zaidi ya pauni 400,000. Jarida liliyafuta makala hayo mwaka wa 2010, miaka kumi na miwili baada ya kuyachapisha.

Deer alikuwa na gazeti lililomlipa kwa miaka ya kupekuapekua. Mkono mtupu haulambwi. Rafiki yangu tuliyesoma naye shahada ya kwanza ni mwanahabari wa kujitegemea, naye hulipwa kwa kila taarifa inayopeperushwa redioni. Kwa muda sasa anataka kujua ni nani aliyelipia utafiti mmoja ambao wakulima wa mahindi huko Trans Nzoia husomewa kila wanapouziwa dawa fulani ya wadudu. Huenda utafiti huo ni safi kabisa. Lakini nauli, malazi na wiki kadhaa za kusoma nyaraka hulipwa na nani? Si kituo cha redio.

Ndiyo sababu naziunga mkono ruzuku kwa wanahabari wanaochunguza fedha za utafiti. Wala si lazima ziwe kubwa. Mwaka wa 1969 Seymour Hersh alianza kuyafuatilia mauaji ya My Lai nchini Vietnam kwa msaada wa dola 250 kutoka mfuko mmoja wa uanahabari wa upekuzi.

Hata hivyo, swali tunalomuuliza mtafiti halina budi kumrudia mwanahabari. Rafiki yangu aliponiomba nimsaidie kujaza fomu ya ruzuku (ya Kiingereza tupu, ingawa taarifa yenyewe itakuwa ya Kiswahili), tulibishana jioni nzima. Nilishikilia kwamba mfadhili atajwe mwanzoni mwa taarifa, na asiisome kabla ya kutangazwa. Yeye hana neno na sharti la pili. La kwanza linamtia wasiwasi: mkulima akisikia jina la shirika la kigeni, atasema binti huyu katumwa, na hatasikiliza lililobaki. Hofu yake si ya bure. Nami nilimjibu kuwa mkulima huyohuyo ana haki ya kuamua kutosikiliza.

Fomu tumeituma. Katika rasimu ya taarifa tumeandika, baada ya salamu tu, sentensi ya Kiswahili ambayo kila mkulima ataielewa: "Safari na uchunguzi wa taarifa hii vimelipiwa na", kisha nafasi tupu. Amekubali ikae hapo hadi jibu litakapokuja.