Sauti ya Gari Kuukuu

Gari kuukuu halina kompyuta ya kutaja maradhi yake. Lina sauti tu, nayo hutaka msikilizaji mwenye saburi. Land Rover yangu ya mwaka 1965 ilipoanza kugonga kati ya Kahama na Geita, wasafiri wenzangu waliihukumu injini. Fundi mzee hakugusa spana. Aliagiza gari likimbie, kisha gia iwe huru. Injini ikapoa sauti, lakini mgongano ukazidi kufuata mwendo wa magurudumu. Basi injini haikuwa na hatia. Akalala chini, akaitikisa propela: krosi, kiungo chake, ilikuwa imelegea. Ingalikatika njiani, propela ingaliweza kuchimba ardhi na kutupindua. Hukumu ya haki, kwa chuma kama kwa binadamu, hutanguliwa na kusikiliza.