Kipande kisicho na jina

Watu wengi wakiona mashini ya hesabu ya zamani husema: Itupeni, siku hizi simu yahesabu upesi zaidi. Ni kweli. Lakini daftari ya mzee mmoja, mpima ardhi, iliandikwa kwa ajili ya mashini ya namna ile tu. Mzee amekwisha kufariki. Watoto wake wanataka kujua alivyopata ukubwa wa shamba lao, maana jirani anabishana nao juu ya mpaka. Basi waliniletea daftari, mashini, na kipande kimoja cheusi ambacho karatasi yake ya jina imebanduka.

Mashini ni HP-41C, iliyotokea mwaka 1979, kazi ya mafundi wa Corvallis, katika Oregon, Marekani. Kichwani ina matundu manne ya kuchomeka vipande vya kuiongezea akili: kimoja ghala ya tarakimu, kingine saa, kingine programu.

Kwanza betri. Ni nne, ndogo sana, na zile za zamani zilikuwa zimevuja chumvi. Niliisugua chumvi kwa pamba na siki kidogo, kisha alkoli. Msipige msasa, wasomaji! Dhahabu ya pale ni nyembamba kama pumzi, na ikitoka hairudi. Skrubu zimefichwa chini ya vipira vya miguu. Ndani nilikuta nguzo moja ya plastiki imepasuka. Ndiyo inayobana nyaya zigusane. Niliigandisha kwa gundi, nikangoja siku nzima. Kazi hii haipendi watu wa haraka.

Sasa jina la kipande. Mashini hii ina desturi nzuri: ukiizima, ukachomeka kipande, ukaiwasha na kuita CATALOG 2, yataja kazi zote za vipande vilivyomo. Ghala ya tarakimu tupu haitajwi kabisa. Hiyo hujulikana kwa hesabu ya nafasi, ambayo huongezeka 64 kwa kila kipande kidogo. Chetu kilisema: ALENG, ANUM, na mengine mengi. Ni kile kiitwacho X-Functions.

Hapo daftari ilifunguka. Mistari mingi ilikuwa imeandikwa XROM 25, halafu namba nyingine. Mashini huandika hivyo kipande kikiwa nje: 25 ndiyo namba ya X-Functions, na ile ya pili ni nafasi ya kazi katika orodha. Nilihesabu toka ALENG, ambayo ni 01, nikairudishia kila mstari jina lake. Mzee alikuwa akiweka vipimo katika faili, kisha kuviita kimoja kimoja.

Vipimo vyenyewe havimo tena ndani ya kipande, kwa kuwa bila betri hakishiki kitu. Lakini aliviandika kwa kalamu katika kurasa za mwisho. Kijana wake mkubwa anavisoma, mimi nabonyeza. Tumefika pembe ya tatu.