Mwanga unaosafisha damu hauchukui nafasi ya mtoaji

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia makwenu tangu 2023 kwa sababu ya mapigano kati ya Wambole na Walengola, swali hili limenifikia mara nyingi: je, ni kweli kuna mashine inayosafisha damu kwa mwanga? Mama mmoja wa Lubunga, ambaye mtoto wake alipungukiwa damu kwa malaria, aliongeza: "Kama iko, kwa nini bado tunaogopa damu ya mtu tusiyemjua?"

Mashine iko. Vitamini B2 inatiwa ndani ya mfuko wa damu, kisha mfuko unawekwa chini ya taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho. Vitamini na mwanga vikikutana, vinavunja DNA ya kijidudu, nacho hakiwezi kuzaana tena. Chembe nyekundu na vigandisha damu havina kiini, kwa hiyo vinaendelea kufanya kazi.

Hapa Afrika jambo hilo lilijaribiwa Kumasi, Ghana, na matokeo yakatolewa 2016. Kati ya wagonjwa 37 waliopewa damu yenye malaria isiyopita kwenye mwanga, 8 waliambukizwa. Kati ya 28 waliopewa damu yenye malaria iliyopita kwenye mwanga, aliambukizwa 1 tu. Kwa jimbo kama Tshopo, ambako malaria haitoki nyumbani, hiyo si habari ndogo. Jirani zetu wa Kampala nao walianzisha jaribio lao katika hospitali ya Mulago.

Lakini mwanga huo una bei yake, na bei hiyo inaonekana zaidi kwenye vigandisha damu, vile vinavyoziba mahali tunapotoka damu. Hivyo haviwekwi kwenye frigo. Vinakaa katika joto la digrii 20 hadi 24, vikitikiswa usiku na mchana, na kwa kawaida vinatumika ndani ya siku 5. Vikipita chini ya taa vinachoka mapema: vinamaliza sukari upesi, asidi inazidi ndani ya mfuko, na vikitiwa kwa mgonjwa, vinavyobaki katika mzunguko ni vichache. Watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio mengi mwaka 2017. Hawakuona vifo vikiongezeka, wala kutoka damu kwa hatari. Ila wagonjwa walihitaji kuongezewa vigandisha mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo ninataka tusimame kidogo. Kuongezewa mara nyingi zaidi maana yake ni kuhitaji watoaji wengi zaidi. Taa inapunguza hatari ya ugonjwa, lakini haitengenezi damu hata tone moja.

Kwetu mgonjwa hupewa zaidi damu nzima, na mara nyingi familia ndiyo inaambiwa itafute mtu. Mimi pia nimekuwa mlinzi wa mgonjwa usiku kwenye hospitali moja ya mji, simu mkononi, nikiamsha watu wa kundi O mmoja mmoja. Kwa aliyekimbia, ambaye ndugu zake wametawanyika huku na ngambo ile ya mto, hata namba za kupiga hana. Huyo anategemea damu iliyotolewa na mtu asiyemjua, kabla yeye hajaugua.

Basi ninawaomba mambo matatu. Msiweke kamwe mfuko wa damu juani mkidhani jua litausafisha, joto linaiharibu. Ulizeni kama damu imepimwa ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Ni haki yenu. Na wewe mwenye afya, uliye na miaka 18 na zaidi, nenda utoe damu bila kungoja kuitwa usiku. Mtoto wa Lubunga hawezi kungoja mpaka taa ifike.