Bafle ya moto na pesa ya minervale

Hapa Butembo vijana wengi hufunga bafle mbele ya moto. Mtoto wangu pia. Yake ilikwaruza tu, akataka kuchukua pesa ya minervale ya mdogo wake anunue bafle kubwa.

Nikamwambia: "Papa, ngoja kwanza." Ile plastiki iko nyepesi, inatetemeka. Tena sauti ya nyuma inazunguka na kuua ya mbele, hasa ile nzito. Tulikata tripleksi, tukabana bafle juu yake kwa bulo, katikati mpira wa tairi kuukuu, nyuma tukaifunika kama kisanduku. Bafle ile ile, besi ikatoka! Minervale ililipwa.

Lakini barabara ya Beni ina malori, na honi lazima isikike. Hapo tungali tunabishana.