Nishani ya Babu

Atakaye kujua ni nani aliyefua nishani ya zamani ya Kijerumani asianze na picha iliyo usoni, bali aitazame ukingoni na penye sikio la kupitishia utepe. Huko aghalabu ndiko wafuaji walikopiga mihuri yao midogo. Herufi S na W humwelekeza mtafutaji kwa Sy & Wagner wa Berlin; na chombo cha fedha kilichofuliwa Ujerumani baada ya 1888 chaweza kuonyesha taji na mwezi mchanga, pamoja na tarakimu ya usafi wake. Elimu hii si kubwa; hufundishika kwa alasiri moja.

Kijana mmoja wa Mwanza, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, aliniletea kipande cha shaba ya njano kilichofungwa kitambaani. Kwao kiliitwa nishani ya babu, kwa kuwa babu alikuwa askari wa Mdachi na ilisemekana alivikwa kwa ushujaa. Palikuwa na mnunuzi, ila alitaka kwanza kujua mfuaji, maana hakupata kuona nishani ya namna hiyo. "Mwalimu," akasema kijana, "mfuaji akijulikana, mwanangu amepata ada."

Upande mmoja niliona taji, herufi DOA na mwaka 1916. Upande wa pili ulikuwa umelika, lakini majani yalionekana, na katikati yake tarakimu 20, neno HELLER, na chini yake herufi T.

Ilikuwa hela. Naam, hela ile ile tunayoitaja kila siku tukinunua sangara pale Mwaloni. Neno tulilirithi kwa sarafu za Wadachi zilizoanza 1904, hela 100 kwa rupia moja. T ni Tabora. Vita vya 1914 vilipozuka, manowari za Waingereza zilifunga pwani, sarafu zikaadimika, na serikali ikajifulia fedha yake katika karakana ya reli huko Tabora, kwa shaba ya maganda ya risasi na mizinga. Hapo hapo ilifuliwa ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Mwanza ilianguka Julai 1916. Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Askari aliyerudi nyuma kutoka ziwani aliweza kulipwa sarafu hiyo ingali mpya.

Basi mfuaji alipatikana. Lakini sikio halikutoka karakana ile. Lehemu yake ilikuwa nene, imemwagika mpaka juu ya taji. Na mimi nililitazama sikio hilo kuliko herufi T.

Nishani ya Uingereza ya utumishi wa Afrika, iliyoanzishwa 1902 na kuvaliwa na askari wa Keya, hupigwa ukingoni namba na jina la mwenyewe. Ile ya Kijerumani ya makoloni, ya 1912, ina vibao vinavyotaja nchi na miaka ya vita, askari hatajwi. Kwa hiyo hata nishani ya kweli isingalimshuhudia babu kwa jina.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wale malimbikizo yao, ikafungua ofisi ya malipo Mwanza. Husimuliwa kwamba walikuja wazee wapatao 350, wachache wakiwa na hati za Lettow-Vorbeck, wengine na matambara ya sare. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani kama anayeshika bunduki, hakuna aliyeshindwa.

Nikamshauri kijana amwulize shangazi yake sikio lilitiwa lini. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Shangazi alikuwa msichana mwaka huo, naye ndiye aliyetumwa kwa sonara, siku moja kabla ya babu kwenda mjini kulipwa. Sonara alidai senti hamsini. Babu aliondoka alfajiri na kipande kifuani, akarudi jioni na fedha. Na hakuna aliyemwuliza habari ya nishani.