Ufa Usiozibika kwa Plasta

Masika yaliyopita, ukuta wa chumba cha watoto wangu ulipasuka kuanzia pembe ya dirisha hadi kwenye msingi. Fundi alikuja, akakwangua tofali kwa ukucha, nalo likamomonyoka kama biskuti iliyoloa chai. "Dokta," aliniambia kwa upole, "hapa plasta haitasaidia. Ugonjwa umo ndani ya tofali lenyewe."

Nyumba ile niliijenga kwa mkopo ambao bado unakatwa kwenye mshahara wangu. Siku ya kununua matofali niliuliza bei tu. Sikuuliza mfuko mmoja wa saruji ulitoa matofali mangapi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni hekima, lakini humbebesha mwenye nyumba lawama yote, kana kwamba kila ufa huanzia ukutani kwake. Wangu ulianzia kwenye uwanja wa kufyatulia matofali, mbele ya macho ya wenye dhamana ya kukagua.

Je, dola ina deni lolote kwa mtu wa namna hii? Wenzetu wamelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Nchini Ayalandi, maelfu ya nyumba katika kaunti za Donegal na Mayo zilipasuka kwa sababu ya madini yaliyokuwamo ndani ya matofali ya zege. Mwaka 2020 serikali ilifungua mpango wa ruzuku ya asilimia 90, wenye ukomo. Mwaka 2021 wenye nyumba waliandamana jijini Dublin wakidai asilimia 100. Sheria ya mwaka 2022 iliwaondolea mchango ule wa asilimia 10 na kuweka ukomo wa Euro 420,000 kwa nyumba. Tangu Septemba 2023, bidhaa za zege nchini humo hutozwa ushuru wa asilimia 5 ili kuchangia gharama hizo. New Zealand, kwa nyumba zinazovuja maji, mwaka 2011 iligawa mzigo: serikali kuu asilimia 25, halmashauri asilimia 25, mwenye nyumba asilimia 50. Aliyepokea msaada huo alikubali kutoishtaki serikali wala halmashauri iliyochangia.

Nilipoyaeleza haya darasani, mwanafunzi mmoja alisimama. "Mwalimu, baba yangu ni mpangaji Tandale, anauza mitumba. Kwa nini kodi yake ijenge ukuta wako?"

Nilinyamaza, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. Ruzuku ya kufuata hati ya kiwanja ingetufikia sisi wenye mishahara kwanza, na baba yake asingepata hata kokoto. Lakini mpangaji naye hulala chini ya ukuta wa mtu. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36, na ukuta unapoanguka hauulizi nani ana hati.

Kwa hiyo jibu langu lina ngazi. Fedha ya umma ianze kwenye ukaguzi: matofali yapimwe yanakofyatuliwa, kabla hayajapakiwa kwenye gari. Hiyo ni kinga ya mpangaji na mwenye nyumba sawia. Kisha uwepo mfuko unaochangiwa na wanaofaidika na biashara ya saruji na matofali, usaidie kwa kipimo cha hatari na unyonge. Najua wauzaji watahamishia sehemu ya tozo hiyo kwa wanunuzi. Ndiyo maana iwe ndogo, na hesabu zake ziwe wazi. Mwenye kipato achangie. Mimi ningekubali nusu. Lakini dola iliyoruhusu tofali bovu liuzwe haiwezi kusema haihusiki.

Kwa sasa watoto wanalala sebuleni, na ukuta umebomolewa. Juzi nilikwenda kununua matofali mapya. Safari hii nilimwuliza muuzaji: mfuko mmoja unatoa mangapi? Alinitazama kidogo, akacheka. "Mzee, miaka yote niliyokaa hapa, wewe ni wa kwanza kuuliza."

Ningependa wa pili awe mkaguzi wa serikali.