UKISAINI FOMU YA MKOPO, UMETOA USHAHIDI



Ndugu yangu katika imani, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, hapa Busisi watu hunisubiri nje ya msikiti na makaratasi mkononi. Mtoto amefaulu, alhamdulillah, anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Maombi hufanyika mtandaoni, lakini fomu huchapishwa, na ndani yake serikali ya kijiji au mtaa inatakiwa kumthibitisha mwombaji. Mtendaji akiona sura ngeni anasema, "Kaniletee mtu anayekujua." Basi wanakuja kwa imamu. (Habari ya riba katika mikopo tuiache leo, ina darsa lake.)

Kuulizwa unaishi wapi kabla ya kusaidiwa masomo si jambo la kwetu tu. Zanzibar wana bodi yao ya mikopo kwa ajili ya Wazanzibari. Marekani, chuo cha jimbo humtoza mkaazi wa jimbo ada ndogo kuliko anayetoka jimbo jingine, na mengi ya majimbo hayo hutaka awe ameishi pale miezi 12 na aonyeshe kuwa amekuja kukaa, si kusoma tu aondoke.

Aliyesoma fiqhi hatashangaa. Kwetu Mashafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imemtoka, anaswali rakaa zake 4. Mahanafi wanasema siku 15. Mwili uwepo na nia iwepo. Nia ya mtu anaijua Allah. Jirani anashuhudia alichokiona.

Sasa mimi nimeona nini? Alinijia mzee mmoja akaniambia, "Shehe, wewe andika tu kwamba mtoto analelewa na bibi yake hapa, baba hajulikani alipo." Na baba huyo ndiye aliyekuwa akinisemesha! Nikamuuliza, nikiandika hujulikani ulipo, kesho nikusalimie vipi? Akacheka, lakini karatasi hakuikunja. Alidhani nitaona haya.

Ndugu yangu, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipokuwa akitaja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawa, akalirudia neno hilo mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Halafu wewe unataka niitie saini kwa kuwa tumeswali safu moja? Fedha ile ina mpaka. Anayejifanya yatima anasimama kwenye foleni mbele ya yatima mwenyewe.

Lakini ipo dhambi ya pili, na hii kijijini hatuisemi. Mtoto wa mvuvi amezaliwa kisiwani, baba anafuata dagaa kambi hadi kambi, mama alikuwa anauza samaki kivukoni. Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025, magari hayasimami tena kusubiri kivuko, mama akahamia Geita kutafuta riziki. Mtoto amebaki hapa, amesoma hapa, madrasa nimemfundisha mimi mwenyewe. Akienda kuomba saini anaambiwa, "Wewe wa kambini, si wa hapa." Na majirani wanaomjua wananyamaza, hawataki maneno na mtu. Suratul Baqara aya ya 283 inakataza kuficha ushahidi, na inautaja moyo wa anayeuficha kuwa una dhambi. Ukimjua mtoto, nenda kaseme unamjua. Asiwe wa kabila lako, asiwe wa dini yako, kaseme.

Wazazi, msisubiri matokeo. Cheti cha kuzaliwa kishughulikieni sasa, na mtazame jina la cheti kama ni lile lile la shuleni. Mtoto wa ndugu yako usimwandikishe kuwa wako. Suratul Ahzab aya ya 5 inatuamrisha kuwaita kwa baba zao. Ukihama, mpeleke mtoto kwa mwenyekiti mpya akamwone, usimtume na karatasi peke yake.

Mimi napatikana msikitini baada ya Alasiri. Njoo na mtoto mwenyewe, na jirani yenu mmoja.